Madaktari Wenye Ndevu na Macho ya Mama Mkwe

Mchezo wa ovyo kuliko yote niliyopata kutazama kwenye televisheni ni ule wa madaktari wenye ndevu. Sasa mimi ni mzee, na nimekuwa na muda mrefu wa kubadili mawazo juu ya mambo mengi: juu ya siasa, juu ya dini, hata juu ya nafsi yangu. Juu ya mchezo ule sijabadili. Ulikuwa uongo uliovalishwa koti refu.

Ilikuwa miaka ya tisini, pale Mwanza. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, sabuni za kila rangi, redio, vitenge vya kutoka nje, na kazi nazo zilikuwa zinaondoka. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kikapunguza watu, nami nikawemo. Nikarudi nyumbani Nyakato na kiinua mgongo changu. Paa la jiko lilikuwa linavuja. Mvua ikinyesha mke wangu alipika huku amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Nikanunua televisheni ya rangi.

Jirani yetu mmoja, aliyetajirika kwa biashara ya sangara, alikuwa ameweka dishi juu ya paa lake, kubwa kiasi cha kuogeshea ndama. Alituvutia waya majirani. Tatizo ni kwamba waya ule ulileta kile tu alichokuwa akitazama mwenyewe sebuleni kwake. Akibadili stesheni, mtaa mzima umebadili. Akienda kulala, sote tumelala. Yeye alipenda mpira kuliko kitu chochote duniani, na mkewe alipenda madaktari wenye ndevu. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, baada ya chakula cha jioni, kama umeme haukukatika na mume hakuwa ameshika rimoti, tulipata madaktari.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya Ulaya ya zamani sana, ya wakati wa magari ya farasi na taa za mafuta. Watengenezaji wa mchezo walijitahidi kwenye farasi. Walijitahidi kwenye vifungo vya makoti na kofia za wanawake. Juu ya ugonjwa hawakujua lolote, au walijua wakaona hautapendeza. Palikuwa na binti mmoja mwenye kifua kikuu. Alikohoa mara moja kwenye leso nyeupe, tone la damu likakaa katikati ya leso kama ua lililotariziwa, kisha akaongea robo saa bila kukohoa tena, nywele zimechanwa, mashavu yana rangi. Marehemu baba yangu alikufa kwa kifua. Wiki zake za mwisho hakuwa na pumzi ya kuomba maji. Alionyesha kikombe kwa kidole.

Na hospitali gani ile isiyo na watu? Hakuna benchi lililojaa. Hakuna shangazi aliyetandika khanga chini ya kitanda na sufuria ya uji pembeni. Hakuna aliyeambiwa akanunue kwanza glavu na bomba la sindano duka la nje ndipo ahudumiwe, kama tulivyokuwa tukiambiwa sisi miaka hiyo. Mgonjwa alilala peke yake kama mzigo usio na mwenyewe, halafu daktari mkuu, mtu mzima na ndevu zake, anakuja mbio mwenyewe, anamshika mkono, machozi yanamtoka. Nesi amefunga aproni nyeupe. Chumba kizima kimetapakaa damu, aproni haina doa. Mtu anakata roho kitanda hiki, kitanda cha pili daktari na nesi wanatazamana kama bwana na bibi harusi wanaosubiri keki.

Wakati wa kutazama sebule yangu ilijaa. Rafiki yangu mkubwa katika watazamaji alikuwa mtani wangu, mzee mstaafu wa reli, aliyekaa kiti cha mbele na kuuliza maswali. Yeye hakujua Kiingereza. Mke wangu alikijua kidogo cha darasa la saba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na jambo hilo mtaani lilijulikana. Barua za serikali zililetwa kwangu kusomwa. Kwa hiyo ukalimani ukawa wangu.

Ukweli ni kwamba Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maboksi ya vipuri. Wale watu walizungumza kama wenye ugali wa moto mdomoni. Katika maneno kumi nilinasa matatu, na hayo matatu hayakuwa yakifuatana. Ningeweza kusema, "Hapo sijasikia vizuri." Sikusema. Jioni ya kwanza kabisa, daktari mmoja alitoa hotuba ndefu, mtani akanigeukia.

"Mtani, huyo mwenye ndevu anasema nini?"

"Anasema ndevu zinamwasha."

Sebule ililipuka kwa kicheko. Mtani aligonga goti, akasema, "Na azinyoe basi, aache kutusumbua!" Nikaona kumbe kazi ni rahisi. Tangu siku hiyo niliwatia wale madaktari maneno mdomoni, maneno ya kijinga yaliyowafaa, kwa sababu niliwadharau na kwa sababu watu walicheka. Kila nilivyozidi kuwakasirikia ndivyo watu walivyozidi kuja. Sijawahi kusikilizwa vile maishani mwangu, si kiwandani wala nyumbani.

Sasa nimseme mama mkwe.

Mke wangu ni mtu wa Ukerewe. Mama yake alikuwa akiishi karibu na Nansio, mjane, mkulima wa mihogo, na macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, palikuwa na hospitali ya masista ambako daktari wa macho, Mzungu, alikuwa akifanya upasuaji. Mke wangu alimpeleka mama kupimwa. Wakaambiwa macho yanatibika, arudi baada ya wiki kadhaa, siku ya Jumatatu, alazwe. Ikaonekana si busara mtu asiyeona arudi kisiwani na kusafiri tena. Akabaki kwetu.

Mila ya kwetu na ya kwao inafanana katika jambo hili: mwanamume haketi chumba kimoja na mama wa mkewe. Hali naye, hamtazami usoni, hashikani naye mkono. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na wote wawili wanaitunza. Tulimpa chumba cha uani, chenye mlango wake. Asubuhi nilisimama mbali nimempa mgongo, nikasema, "Shikamoo mama." Naye akajibu kutoka ndani, "Marahaba baba, mmeamkaje?" Yakaisha. Lililobaki lilipita kwa mke wangu.

Jioni hakupenda kukaa peke yake uani. Mke wangu alimtandikia mkeka kwenye korido, nyuma ya pazia linalotenga sebule, akakaa naye pale na ushonaji wake, pazia likiwa kati yetu. Nilimsikia akicheka wengine wakicheka. Alikuwa mchangamfu. Siku moja nilimsikia akimwambia bintiye kwamba akipona, jambo la kwanza atakalofanya ni kujichambulia samaki mwenyewe. "Miaka miwili sasa natolewa miiba kama mtoto," alisema. "Mtu mzima wa ziwani! Nikila sato nakula na vidole vya mtu mwingine." Mke wangu alicheka naye, lakini nilijua alikuwa anahesabu siku.

Haikunijia kabisa kufikiri mama yule alikuwa anapata nini kutoka kwenye ile televisheni. Farasi hakuwaona. Makoti hakuyaona, wala taa za mafuta, wala kofia za wanawake, yale yote yaliyotuambia sisi tuliokaa mbele kwamba hayo ni mambo ya zamani. Hata angeketi kiti cha mtani asingeyaona. Alichopata ni vishindo, vilio, na sauti ya mkwewe msomi akieleza kwa hasira yale wanayofanya madaktari wa Kizungu.

Jioni moja, zikiwa zimebaki siku chache aende hospitali, mchezo ulimleta kikongwe mmoja mwenye ugonjwa wa macho. Walimkalisha kwenye kiti cha mbao. Kijana mmoja alimshika kichwa kwa nyuma, wanaume wengine wakashika mikono na miguu. Daktari mwenye ndevu akainua kitu kama sindano ya kushonea magunia, akakisogeza kwenye mwanga ili sote tukione vizuri. Huo ndio ulikuwa ufundi wao: ugonjwa hawakuujua, lakini sindano waliijua kuipiga picha.

"Mtani, anasema nini?"

"Anasema dawa ya usingizi imekwisha."

"Toba!"

"Anasema akipiga kelele wamzibe kwa taulo. Wanaume wanne wamemkalia bibi wa watu kama mbuzi wa Krismasi, mnaona? Sasa anawaambia wanafunzi kwamba jicho likitoka walitie kwenye chupa."

"Chupa ya nini? Ya soda?"

"Ya achari."

Mtani alicheka hadi akapaliwa. Nami nilikuwa nimepamba moto. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kuliko maneno ya ndoa yangu, "Na ni hawa hawa, msidhani ni wengine. Hao walioko ng'ambo hapo ni watoto wa hawa. Mzungu ni yule yule, amenyoa ndevu tu."

Kikongwe akapiga yowe. Sindano ikashuka. Halafu kioo kikaruka, na badala ya hospitali tukaona uwanja wa kijani na watu wenye bukta. Mwenye dishi alikuwa amerudi nyumbani.

"Na bibi je?" aliuliza mama mmoja jirani. "Amepona?"

"Bibi yuko mikononi mwa refa," nikasema.

Watu walicheka tena. Nyuma ya pazia nilisikia mkeka ukikunjwa. Nilidhani mama amechoka.

Jumapili mchana nilikuwa barazani na mtani tukinywa chai. Mke wangu alitoka ndani na kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Baba watoto, umemwambia nini mama?"

"Mimi? Tangu amefika sijasema naye ila shikamoo."

"Umesema naye kila jioni."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mama amefunga mzigo wake, lakini si wa kwenda ng'ambo. Anataka meli ya kurudi Nansio. Anasema haendi kukaliwa na wanaume wanne, jicho lake likatiwe kwenye chupa. Amezeeka, amesema, lakini hajafika kuwa achari.

Mtani alianza kucheka, kisha akaona uso wa mke wangu, akainama juu ya kikombe.

"Mwambie ule ni mchezo," nikasema. "Ni watu wanaigiza. Tena ni mambo ya zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa."

Mke wangu alivuka ua, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Anauliza, kama ni mchezo, mbona ulikuwa unawakasirikia?"

"Nini?"

"Anasema yeye ametoa hadithi za sungura na fisi maisha yake yote, na wajukuu wamesikiliza. Hajaona mtu mzima akimkasirikia fisi wa hadithi na kumtukana mpaka mishipa inatoka. Anasema mtu hukasirikia kitu cha kweli."

Niliudharau mchezo ule kwa sababu haukuwa wa kweli, na dharau yangu ndiyo iliyompa mama ushahidi kwamba ni wa kweli. Nilisema tu, "Mwambie tena. Ni zamani."

Akaenda. Tulisikia sauti zao, ya mama ikiwa ya chini, isiyo na ugomvi. Mke wangu aliporudi safari hii hakuweka mikono kiunoni.

"Ameniambia nikuulize jambo moja, na ukijibu atakuamini, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Yale maneno, ya dawa kuisha, na taulo, na chupa. Daktari aliyasema au hakuyasema?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu lake lilikuwa neno moja. Lakini mtani alikuwa ameketi pale, ameinua uso kutoka kwenye chai, naye anasubiri kusikia. Nikisema hakuyasema, basi nimeyasema mimi. Na kama hayo niliyasema mimi, na yale ya miezi yote je? Kesho yake mtaa mzima ungejua kwamba msomi wa kidato cha nne hajui Kiingereza, na kazi sina, na kiti changu cha sebuleni kimekwenda.

"Aliyasema," nikajibu. "Lakini zamani."

Mke wangu alinitazama. Sijui kama alijua. Hakuvuka ua upesi. Alisimama kidogo kama mtu aliyepewa mzigo bila kuambiwa aupeleke wapi.

Ningeweza kunyanyuka, nikaenda mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha uani, nikageuka mgongo, nikasema. Mila haikatazi kusema ukweli ukiwa umempa mkwe mgongo. Lakini nilijiambia haifai, mkwe haongei na mkwe, nikajiona mtu wa heshima. Niliagiza mwinjilisti wa kanisani kwetu aje kumwombea na kumshauri. Akaja, akaomba vizuri sana. Mke wangu akamleta mwanamke mmoja wa mtaa wa pili aliyepasuliwa jicho ng'ambo na kupona, naye akaapa kwamba hakukaliwa na mtu yeyote, alichomwa sindano ndogo tu akawa hasikii kitu. Mama alimshukuru. Akasema, "Wewe ulipata siku ambayo dawa haijakwisha."

Jumatatu, kivuko cha kwenda ng'ambo kiliondoka bila yeye. Alipanda meli ya Nansio. Asubuhi hiyo alipita uani akiongozwa na mke wangu, khanga ameivuta mpaka usoni kama ipasavyo, nami nimesimama kando nimetazama ukuta.

"Safari njema, mama."

"Asante, baba." Alisimama kidogo. "Nawe uendelee kuwatazama hao watu, ujue wanafanya nini. Usije ukawapelekea wanangu."

Alisema kwa upendo, hakuwa ananisuta. Alikuwa ananishukuru kwa kumwokoa.

Wiki hiyo hiyo madaktari walirudi. Kikongwe alikuwa amekaa dirishani na kitambaa kwenye jicho moja, na kwa lile jingine alikuwa anasoma barua, anatabasamu, muziki unalia. Hata kupona kwake kulikuwa kwa ovyo. Mtu aliyechomwa na sindano ile hasomi barua wiki inayofuata. Mtani aliuliza anasema nini. Safari hii nilikuwa nimesikia, maneno mawili mepesi ambayo mtoto wa darasa la tano angeyaelewa.

"Anasema anaona," nikasema.

Hakuna aliyecheka, maana hapakuwa na cha kuchekesha. Nyuma ya pazia mke wangu aliendelea kushona.

Niliacha ukalimani. Nilisema macho yananiuma, jambo ambalo pia lilikuwa uongo. Watu walipungua, mwisho akabaki mtani, tukawa tunatazama mpira kimya. Madaktari walimaliza mchezo wao kwa harusi, kama nilivyotegemea.

Zaidi ya mwaka ulipita. Nilipata kibarua cha kuandika mizigo kwenye kiwanda cha minofu. Mke wangu akajifungua mtoto wetu wa mwisho, msichana, na alipopata nguvu tukampeleka Nansio kwa bibi yake. Mimi nilipewa kiti kwenye chumba cha nje. Ndani, nyuma ya ukuta wa udongo usiofika darini, mama alimpokea mtoto, na nilisikia kila kitu.

"Lete mkono wako niuone. Eeh. Vidole virefu. Hii pua ni ya nani? Si ya kwetu hii."

"Ya baba yake," mke wangu alisema.

"Sijaijua pua ya baba yake, nitajuaje?" Akacheka. Kweli, kwa mila asingeijua hata angekuwa anaona. Lakini nilimsikia akirudia uso wa mtoto tena na tena, kipaji, kope, midomo, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha gizani, na mtoto akaanza kulia kwa kuguswaguswa. Mama akamrudisha haraka. "Mchukue," akasema, "namchosha."

Sikupanga. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nikakiweka chini, nikageuza kiti nikautazama mlango wa nje, mgongo kwa ukuta wao.

"Mama," nikasema kwa sauti. "Ni mimi mkweo. Naomba unisamehe kwa kusema nawe."

Kutoka ndani mke wangu akasema, "Baba watoto, vipi?"

"Yale maneno ya daktari, mama. Hakuyasema. Niliyatunga mimi. Sikuwa nasikia Kiingereza chao."

Kuku aliingia, akachungulia uji, akatoka. Mama hakujibu kupitia kwa mke wangu. Alijibu mwenyewe.

"Yote?"

"Karibu yote."

"Dawa kuisha?"

"Mimi."

"Chupa?"

"Mimi, mama."

"Na wanaume wanne?"

"Hao walikuwepo. Lakini zilikuwa picha za kuigiza, na mambo ya zamani sana. Walikuwa na farasi."

"Farasi," alisema, kama mtu anayelipima neno. "Hukusema habari za farasi."

"Sikusema."

Nilisubiri anilaumu. Ningependa anilaumu. Nilimsikia akivuta pumzi na kumwuliza mke wangu siku za kulazwa huko ng'ambo ni zipi siku hizi.

Tulikwenda naye sote, mimi nikitangulia hatua kadhaa mbele. Pale hospitalini palikuwa na benchi lililojaa, na shangazi za watu na sufuria zao, na daktari hakuwa na ndevu wala machozi. Alimkagua mama kwa muda mrefu zaidi ya waliomtangulia. Mke wangu aliitwa ndani. Mimi nilibaki nje nikimbembeleza mtoto. Alipotoka nilijua kabla hajafungua mdomo. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa kupita kiasi, presha ikapanda ndani ya macho, mishipa ikafa. Kusafisha kioo cha jicho kungewezekana, lakini nyuma ya kioo hapakuwa na kitu cha kuona tena. Mngekuja mapema, daktari alisema. Alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, kinachoeleweka, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mama hakulia mbele yetu. Aliuliza tu kama anaweza kupata chai.

Jioni hiyo tukarudi kupanda kivuko. Mke wangu alikuwa na mtoto mgongoni na mzigo mkononi, na foleni ilikuwa imejaa watu na magari, kila mtu anasukuma. Hakuweza kumwongoza mama na kujiongoza mwenyewe. Mimi kumshika mkono nisingeweza. Wote wawili tungetahayari. Kando ya barabara kijana mmoja alikuwa anauza mipini ya majembe. Nikanunua mmoja, mpya, mweupe, nikaushika mwisho mmoja nimempa mgongo, mke wangu akamwekea mama mkono wake kwenye mwisho wa pili.

Kivuko kikatuvusha. Kilipogonga gati upande wa mjini, mlango wa chuma ukashushwa kwa kishindo, watu wakaanza kumiminika. Nikahisi mpini umevutwa; mama alikuwa amesimama.

"Baba," aliniita. "Mbele yetu kuna nini?"

Nilitazama vizuri kabla ya kujibu.

"Chuma, mama. Kimelala kwa mteremko. Kina mistari ya kuzuia watu wasiteleze."

"Na baada ya chuma?"

"Maji kidogo, ya kufika kifundo cha mguu. Halafu saruji."

"Watu?"

"Wengi. Mbele yetu yuko mwanamke amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Anakwenda polepole."

"Basi na sisi twende polepole," alisema, na nikahisi mkono wake umekaza kwenye mpini.